Kiwanja Hakiko Wazi

Mimi nina mdomo. Sijisifu wala sijitetei, ndivyo nilivyo. Nilizaliwa Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa, na mama yangu aliuza machungwa na mayai ya kuchemsha kwa mabasi yaliyosimama dakika tatu tu. Ukiongea polepole, basi linaondoka na mayai yako yangali mkononi. Kwa hiyo sisi watoto wake tulifunzwa kupayuka kabla ya kufunzwa kusoma, na hadi leo nikimsalimia mtu dukani, wa duka la tatu ndiye anayeitikia. Nalisema hili mapema kwa sababu haya ninayoandika yanahusu siku moja ambayo sikupiga kelele, na yule aliyelipia kimya changu alikuwa mke wangu.

Kabla sijaenda Zombe, kule Kitui, nilikaa miaka minne kwenye mnara wa kuongozea ndege, katika uwanja ambao sitautaja. Usifikiri nilikuwa mwongozaji. Nilikuwa msaidizi: kuandika vikaratasi vya safari, kupiga simu kuuliza hali ya hewa, kuchemsha chai. Lakini hakuna aliyenizuia kusikiliza. Mwongozaji wa zamu yetu alikuwa mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, na ndiye aliyenifunza kwamba kwenye redio watu hawaongei. Siku nilipothubutu kumsalimia rubani na kumuuliza habari za familia, alininyang'anya kipaza sauti. "Kuongea utaongea nyumbani kwako," akaniambia. "Hapa unapitisha maneno, na kila neno lina kazi yake."

Nikayashika maneno hayo kama mtoto wa katekisimu. Ndiyo ni affirm, basi. Hapana ni negative. Tisa hutamkwa niner, isije ikachanganywa na tano redio inapokwaruza. Neno take-off halitajwi hovyo. Mpaka ndege iruhusiwe kuruka unasema departure, maana rubani akilisikia lile jingine tu, mkono wake unaweza kwenda kwenye nguvu za injini kabla kichwa hakijaelewa. Na kila agizo lazima lirudishwe. Ukimwambia rubani jambo, analirudia vilevile ulivyolisema, ndipo unajua limefika. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu jioni nikijijibu peke yangu, affirm, negative, standby, jirani akidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Halafu kuna go around. Ndege imenyooka na kiwanja, inashuka, na kitu kimeharibika huko chini: ndege nyingine haijatoka njiani, au ng'ombe ameingia. Unasema go around, na rubani anaacha kutua, anaongeza nguvu, anapanda tena, anajibu "going around". Haulizi kwa nini, hata kama magurudumu yamebakisha kimo cha mti kugusa ardhi. Maelezo ni baadaye. "Ni neno la kuokoa watu," mama yule alisema, "kwa hiyo usiliogope." Wapi, mimi nililipenda kuliko yote. Mtu aliyezoea kupiga kelele mara kumi ndipo asikizwe, akapewa neno linalogeuza ndege kwa kusemwa mara moja, tena kwa sauti ya chini! Nililifanyia mazoezi nikioga.

Mkataba wa mnarani ulipoisha nikapata kazi nje ya Zombe, kwenye kiwanja cha udongo kilichotumiwa na shirika dogo la kubeba chanjo na wagonjwa. Huko hakukuwa na mnara. Kulikuwa na kibanda cha mabati, soksi ya kuonyesha upepo iliyochanika kidole, redio ya mkononi, na mimi. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia rubani atue. Hiyo ni kazi ya mwongozaji mwenye cheti. Mimi nilimpa habari tu: upepo unatoka wapi, udongo ni mkavu au unateleza, na kama kuna mnyama au mtu kiwanjani. Rubani akikaribia anauliza, "Confirm strip clear?" yaani nithibitishe kwamba kiwanja kiko wazi. Mimi naangalia mwanzo hadi mwisho, najibu. Jibu langu ndilo macho yake.

Na kazi yenyewe hasa ilikuwa kupiga kelele. Kiwanja kilikata njia ya mkato ya watu wanaokwenda sokoni, na mtu wa Ukambani hawezi kuzunguka kilomita moja eti kwa sababu ya ndege inayokuja mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo niliwafokea. Niliwafokea wenye mbuzi na wenye punda wa maji. Nilimfokea mchungaji wa kanisa letu akiwa kwenye pikipiki yake, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira, naye akaniambia Bwana akusamehe, nikamwambia anisamehe ukiwa ng'ambo ya pili. Kwaya nzima ya akina mama niliwahi kuikimbiza kwa fimbo. Walinichukia kidogo, kisha wakanizoea, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuguswa na ndege.

Mtu mmoja tu sikumfokea. Huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Nilioa hapo hapo Zombe, fundi wa nguo mwenye cherehani yake sokoni, msichana mcheshi aliyenizidi mdomo, na hilo si jambo dogo. Kwao kulikuwa upande wa kusini wa kiwanja, kibanda changu kilikuwa upande wa kaskazini, na njia ya miguu ilitoka mlangoni kwao ikakatiza kiwanja katikati na kutokea karibu na kibanda. Sasa, kwetu Wakamba mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni kati yao, heshima iliyochanganyika na aibu. Mkikutana njiani, mwanamume anaiacha njia, anaingia kando, anageuza uso mpaka mama apite. Naye mama akikuona anajitanda leso kichwani, anakupa mgongo, anangoja uondoke. Hampeani mkono. Hamlishani. Kumpigia mama mkwe kelele ni kama kujivua nguo mbele yake. Siku hizi watu wengi wameyaacha, na kanisani utamwona mkwe akimkumbatia mama mkwe kama dada yake. Lakini katika boma lile, ijapokuwa wote walikuwa wameokoka, nthoni ilishikwa, na mimi niliishika kwa furaha. Nilijisikia mtu wa maana. Mropokaji wa Sultan Hamud, mtoto wa mayai ya kuchemsha, lakini mbele ya mama huyu nilikuwa bwana mwenye adabu zake.

Alipovuka kiwanja, basi, mimi niliingia kando ya njia nikakiangalia kichaka. Mke wangu alinicheka hadi machozi. "Mtu wa kuangalia kiwanja anaangalia majani! Siku moja ndege itakuja na wewe unahesabu miiba." Nilimwambia anyamaze. Lakini hakuwa mjinga, na tulikuwa na mpango. Ndege ikitarajiwa, yeye ndiye aliyekwenda kumwambia mamake: mama, leo usivuke mpaka uione imeondoka. Ujumbe wowote kati yangu na mama mkwe ulipitia kwa mke wangu. Chumvi, salamu, habari za msiba, yote. Mpango ulifanya kazi miaka mitatu na sikuuwazia tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza vibaya, zikinyesha kwa hasira mahali pamoja na kuacha pengine. Mke wangu alijifungua alfajiri katika zahanati, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilicheka kwa hiyo sauti. Saa mbili asubuhi muuguzi akatoka nje akiwa ameshika mlango kwa nyuma, kama anayezuia kitu kisitoke, akaniambia damu haisimami. Alihitaji kuongezewa damu na kufanyiwa upasuaji, na vyote viwili viko Kitui mjini. Nikauliza habari ya gari. Akasema mto umefurika. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko usiku, sisi hatukupata hata tone, na sasa maji mekundu yalikuwa yamefunika kivuko, hakuna gari linalopita.

Nilikimbia hadi kibandani nikaita. Ndege ya shirika ilikuwa imetoka kushusha chanjo upande wa mashariki, ikirudi Nairobi. Rubani nilimjua kwa sauti tu, mtu mtulivu, hata akipiga chafya alionekana kuomba ruhusa kwanza. Nilimweleza. Akauliza upepo, akauliza wingu. Nikamwambia kuna wingu kubwa magharibi, juu ya vilima, linakuja. Akasema atafika baada ya dakika ishirini na tano, na kama wingu litakuwa limefika kabla yake, hatatua. Nikarudisha maneno yake neno kwa neno. Ile adabu ya redio ilinishika mkono asubuhi ile, haki ya Mungu. Bila hiyo ningelia hapo hapo.

Mchungaji yule yule wa pikipiki aliazima gari la mwalimu mkuu, wakamleta mke wangu amelazwa kiti cha nyuma, muuguzi amemshikia chupa ya maji ya dripu. Mtoto alibaki zahanati. Waliegesha upande wangu wa kiwanja, kwenye mwisho wa mashariki, hatua kama mia tatu kutoka kwangu, wakafunga vioo kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi. Nilifika dirishani. Midomo yake ilikuwa mieupe, mikavu, lakini macho yake yalikuwa yake. Akaniuliza, "Mama ameambiwa?" Nikasema ndiyo, nimetuma mtu. Akasema, "Atakuja mbio, huyo." Nikamwambia ndege iko karibu, nikarudi kwenye kituo changu karibu na kibanda, maana hapo ndipo unapokiona kiwanja chote.

Niliwaondoa watu siku ile kwa matusi ambayo sijayarudia tena. Mbuzi walitoka, mwenye punda alitoka, wazee wawili waliokuja kutazama walitoka. Wingu lilikuwa limekula vilima vyote viwili, jeusi chini, na mbele yake kulikuwa na ule mwanga wa manjano unaofanya majani yaonekane kama yamepakwa rangi. Hakuna ndege wa porini aliyelia. Soksi ikageuka, ikanyooka upande mwingine, nikampa rubani upepo mpya, akasema basi atatua kutoka mashariki. Nikaangalia kiwanja mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa.

Rubani akaita: yuko final, yaani amenyooka, anashuka. Nikaziona taa zake, mbili, upande wa mashariki ambako wingu lilikuwa halijafika.

Na hapo mama mkwe akatokea.

Alitoka kwenye uwazi wa ua upande wa kusini, akija mbio kwa njia yake ya kila siku, chupa ya uji mkononi, leso mbili begani. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mtoto wake alikuwa anakufa ng'ambo ya kiwanja. Mtu ambaye kila mara humwambia ndege inakuja alikuwa amelala ndani ya lile gari. Alifika katikati kabisa, akainua macho, akaniona. Nilikuwa nimesimama mdomoni mwa njia, kule anakokuja. Akasimama. Akajitanda leso kichwani, akageuka, akanipa mgongo.

Alikuwa ananipa heshima yangu.

Na mimi, Mungu wangu, mimi nikafanya nilichofanya miaka mitatu. Niliiacha njia. Niliingia kando, nikageuza uso, nikaangalia kichaka. Nakikumbuka kile kichaka, kilikuwa na utando wa buibui wenye vumbi. Sikufikiri, mwili ulienda wenyewe. Nikangoja nisikie miguu yake ikipita. Sikusikia kitu. Yeye alikuwa amenipa mgongo, hakuona kwamba nimemwachia njia. Alikuwa akingoja niondoke, nami nikingoja apite. Kati yetu kulikuwa na hatua arobaini.

"Confirm strip clear?" rubani akauliza.

Niligeuka. Alikuwa pale pale, katikati ya udongo, leso inampigapiga mgongoni, upepo umemshika. Ndege ilikuwa imekua kubwa. Nilikuwa na muda. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wema wamenieleza mara nyingi kwamba sikuwa na muda. Nilikuwa nao. Nilimaliza pumzi mbili nzima nikimtazama. Neno lenyewe ni fupi, toka, na nimewaambia watu neno hilo mara elfu. Nilifungua kinywa. Nikakifunga tena. Niliona aibu, nasema ukweli wangu wote, niliona aibu kumpigia mama mkwe kelele mbele ya mchungaji, na mbele ya wale wazee wawili waliokuwa wamesimama kwenye ua. Ndiyo hiyo sababu. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Basi nikashika kitu ambacho hakikuwa na aibu. Nikabonyeza redio. Nikasema, taratibu, kila neno na kazi yake: "Negative. Strip not clear. Go around."

"Going around," akajibu.

Injini ikanguruma. Ndege ikapita juu yetu, tumbo lake jeupe, nikaona hata matope kwenye magurudumu. Mama mkwe alianguka kwa magoti, chupa ikabingirika. Kisha akainuka, akakimbia, akanipita bila kunitazama akielekea kwenye gari. Kiwanja kikawa wazi. Nikaita upesi, strip clear, strip clear, nikasema mara tatu, ingawa mara moja inatosha.

Rubani alizunguka. Aliteremka mara ya pili, na mvua ikafika kiwanjani kabla yake. Ilikuja kutoka magharibi kama ukuta unaotembea; kwanza soksi ikatoweka, kisha nusu ya kiwanja, kisha gari. Nilisikia injini ndani ya mvua, karibu, halafu mbali. Akasema hakioni kiwanja. Akasema hawezi, anaelekea Nairobi, akasema samahani, neno ambalo halimo kwenye orodha ya maneno ya redio. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nikambonyezea nikamwambia "say again", rudia ulichosema, kwa sababu sikutaka kuwa nimesikia. Akarudia.

Tuliwasha gari tukaenda mtoni. Hakukuwa na kingine cha kufanya, na kukaa tu kulikuwa kubaya zaidi. Maji yalikuwa yakipita na miti mizima. Tulisimama kwenye ukingo, mvua ikipiga bati la gari, mchungaji akiomba kwa sauti, muuguzi akibana tumbo la mke wangu kwa ngumi zote mbili. Mamake alikuwa amempakata kichwa. Mimi nilikuwa nje, dirishani, kwa sababu ndani alikuwemo mama mkwe na mkwe haketi naye. Fikiria! Hata hapo. Mke wangu alinyoosha mkono kupitia dirisha nikaushika. Ulikuwa baridi kuliko mvua. Aliniuliza mara moja tu, "Imeenda?" Nikasema imeenda. Akaangalia juu, kwenye paa la gari, kama anayepiga hesabu ya kitambaa. Saa tisa mchana maji yalianza kupungua. Yeye alikuwa ameshaondoka saa saba.

Mazishi yalikuwa kama mazishi yote ya kwetu: hema, kwaya, hotuba ndefu za watu ambao hawakumjua. Mchungaji alisimama akasema kwamba siku ile nyeusi Mungu alimtumia mtu mmoja kuokoa uhai wa mama, na akanionyesha mimi. Watu wakasema amina. Wiki chache baadaye rubani alipita tena, akatua, mara ya kwanza kuonana uso kwa uso. Alikuwa mfupi, mzee kuliko sauti yake. Akanishika bega akasema nilifanya sawasawa, maneno safi, kwa wakati wake, na kwamba alikuwa ameandika hivyo kwenye ripoti yake. Nilimshukuru. Kila mtu aliyenisifu alinisifu kwa kumwokoa mama mkwe kutoka kwa ndege. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mama huyo alikuwa bado amesimama pale.

Niliacha kazi kabla ya Krismasi nikarudi Sultan Hamud. Nina duka la spea za pikipiki karibu na reli ya zamani. Ndege za Mombasa hupita juu sana hapa, hazihusiani na mimi, lakini bado mdomo wangu husogea. Mtoto alibaki kwa bibi yake. Hilo halikujadiliwa hata. Nani angenipa mimi mtoto mchanga? Nilituma maziwa na nguo kupitia kwa shemeji yangu, na nilitafuta kila sababu ya kutokwenda. Duka. Mvua. Homa. Nilikuwa muoga, ndilo jina lake.

Nilikwenda mwezi wa nane, mtoto akiwa karibu kutambaa. Nilishuka Zombe nikapita kwa miguu, nikazunguka kiwanja chote badala ya kukikata. Nilipokaribia boma nilikohoa nikiwa mbali, kama inavyotakiwa, ili mama aingie ndani na mtu mwingine anitolee mtoto. Nikaiacha njia. Nikageuza uso.

Hakuingia ndani. Nilisikia ndala zake zikija kwenye njia, zikaiacha njia pia, zikanifuata kwenye majani. Alisimama mbele yangu kabisa, kichwa wazi, mtoto kiunoni. Miaka yote ile sikuwahi kumwona uso wake kwa karibu. Alikuwa na pua ya mke wangu. Akanitia mtoto mikononi, nami nikampokea, na vidole vyetu vikagusana, na hakuna kilichotokea; mbingu haikuanguka.

"Siku ile ulinyamaza," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Angekuwa ni mama wa mtu mwingine pale?"

"Ningepiga kelele. Ningemrushia hata mawe."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Hasira ningeiweza, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Machozi yalikuwa yananitoka nikaona heri nimpe kile kitu kimoja nilichokuwa nacho, kile nilichojiambia usiku na mchana ili angalau mmoja wetu awe hana hatia. Nikamwambia, "Mama, wewe hukuwa na kosa. Upepo ulikuwa mwingi, na ulikuwa umejitanda leso masikioni. Hukuisikia ndege."

"Niliisikia," akasema. "Niliisikia ingali mbali. Taa zake niliziona. Lakini nisingeweza kugeuka kuangalia kama umeshaondoka. Nilikuwa nangoja mkwe wangu apite."